Mungu wa Siku za Kazi

Hivi, ndugu msomaji, Mungu yuko wapi siku ya Jumanne? Jumapili hatuna wasiwasi naye. Tumempangia kanisa, kwaya, sadaka ya kwanza na ya pili, matangazo marefu yasiyokwisha, halafu tunaagana naye mlangoni kama mgeni aliyekaribishwa akala akashiba. Lakini Jumanne saa nne asubuhi, umesimama kituoni Mwenge, konda anakutolea maneno, mfukoni una nauli ya kwenda tu, ya kurudi haijulikani. Hapo je?

Swali hili si langu. Niliulizwa mwaka 2009 na rafiki yangu mmoja wa Dar es Salaam, kijana mwandishi wa mashairi, mtu asiyeamini lolote isipokuwa kalamu yake. Aliniona nimefanya ishara ya msalaba kabla ya kula chipsi, akacheka mpaka akapaliwa. "Wewe Mfipa," akasema, "huyo Mungu wako anakula na chipsi?" Mie nami nilicheka, maana kijana mjini hapendi kuonekana mshamba. Sikumjibu. Leo najaribu, na namwomba radhi kwa kuchelewa.

Nimelelewa Pito, pembeni ya mji wa Sumbawanga. Ukitaja Sumbawanga mbele ya watu wa pwani unajua kitakachofuata. Watajifanya kurudi nyuma hatua mbili: "Aise, usiniroge!" Kicheko. Jina lenyewe husemwa kuwa maana yake ni tupa uchawi, yaani mgeni alitakiwa aache uchawi wake nje kabla ya kuingia, lakini nani ana muda wa kusikiliza maelezo? Utani umeshaenda mbali kuliko maana. Nimeuzoea. Nautaja hapa kwa sababu mbele ya safari utaona kwamba utani huo una meno, na meno yenyewe hayaumi watu wa Dar.

Kwetu ni nyanda za juu. Miti ni michache, mbingu ni kubwa, na upepo wa Juni na Julai unapita katikati ya sweta kama vile hukuvaa kitu. Bibi yangu aliamka saa kumi na moja katika baridi hiyo. Kabla ya kuwasha moto alifanya ishara ya msalaba. Moto ukikubali, ishara tena. Akitoka na jembe, "Kwa jina la Baba". Kengele ya saa sita ikiletwa na upepo, anasimama shambani na kusali Malaika wa Bwana, jembe limeegemea goti, kisha anaendelea pale pale alipoachia. Jioni rozari. Na akikutana na mtu njiani, hata kama ni mtoto anayefukuza mbuzi: "Tumsifu Yesu Kristo!" Mtoto anajibu, "Milele, amina," mbio bila kusimama. Shikamoo ilikuja baadaye, ikiwa mbuzi wameruhusu.

Sikuwahi kumsikia bibi akisema kwamba anamhisi Mungu. Neno hilo nililisikia mjini, kwenye mikutano ya vijana, ambako kila mmoja alisimama kueleza alivyoguswa, alivyotetemeka, alivyolia. Sidharau. Lakini nilirudi nyumbani siku hizo nikiwa na hofu, kwa sababu mimi sikuguswa wala sikutetemeka. Nilikuwa nafikiria basi la mwisho. Nikajiuliza: kama ukaribu na Mungu ni joto la kifuani, basi bibi yangu alikuwa mbali naye miaka themanini. Je, inawezekana?

Hapa ndipo pana swali lenyewe, na naomba tusilikimbie. Kuwa karibu na Mungu kila siku ni nini hasa? Ni hisia? Ni mazoea? Au ni kitu cha tatu?

Rafiki yangu mshairi angesema mazoea ni kasuku. Na kweli yapo mazoea ya kasuku. Sote tumesali Salamu Maria hamsini huku akili iko kwenye bei ya mahindi. Lakini nitazame mke na mume waliooana miaka arobaini. Mume anapoweka kuni karibu na meko kila jioni bila kuambiwa, je, ni kasuku? Hafikirii mapenzi. Pengine anafikiria mgongo unaouma. Lakini siku akiacha kuziweka, mke atajua kuna jambo limevunjika, hata kama mume bado anasema maneno matamu. Mazoea mengine ni mapenzi yaliyochoka kujieleza.

Wakulima wa Ufipa wana ufundi wa zamani ambao wazungu wataalamu wameuandikia vitabu. Mvua ikiwa bado ipo, mtu anakata majani na kuyafukia chini ya udongo, anatengeneza vichuguu vya duara, shamba zima linakuwa kama limeota vichwa. Majani yanaoza humo ndani. Msimu unaofuata vichuguu vinatawanywa, panapandwa ulezi au mahindi. Anayefukia majani hafurahii kitu siku ile. Ni jasho na udongo tu. Sala nyingi za bibi nadhani zilikuwa hivyo. Zilifukiwa.

Wapo watu wengine, na si wa Ufipa peke yake, waliolielewa jambo hili. Mmoja ni bruda Lawrence, Mkarmeli wa Paris aliyefariki mwaka 1691. Kazi yake ilikuwa jikoni, baadaye kushona viatu vya watawa wenzake. Alisema hakuona tofauti kati ya saa ya sala na saa ya sufuria. Mtu huyo hakusoma sana, tena jikoni hakukupenda. Anatufaa sisi ambao si wenye elimu ya dini. Ila nakiri kwamba ukimsoma ukiwa umeshiba inapendeza zaidi kuliko ukimsoma ukiwa na njaa.

Wa pili yuko karibu nasi zaidi, na nasikitika kwamba vijana wengi hawamjui. Adrian Atiman. Alizaliwa kando ya mto Niger, Afrika Magharibi, akaibwa akiwa mtoto na kuuzwa utumwani ng'ambo ya jangwa la Sahara. Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita White Fathers, walimkomboa huko Algeria, wakamsomesha, kisha akapelekwa Malta kusomea uganga wa kizungu. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye ile ngome ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1879 na kuiachia misioni mwaka 1885. Siku hizo yote hiyo ilikuwa nchi moja na sisi kwa mambo ya Kanisa. Jimbo la Sumbawanga lenyewe lilizaliwa kutoka Karema. Atiman alifika kama daktari na katekista, akakaa. Akakaa! Hakurudi alikotoka, hakutafuta mji mkubwa. Alifariki mwaka 1956, miaka sitini na saba baadaye.

Mie nikimfikiria Atiman sifikirii miujiza. Nafikiria vidonda. Miaka sitini na saba ya vidonda vya miguu, homa, meno, uzazi uliokwama, wagonjwa wanaokuja usiku. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kumwuliza Mungu ulikuwa wapi nilipouzwa kama mbuzi, yeye anaamka asubuhi, anafundisha katekisimu, anaosha kidonda. Kesho yake tena. Hiyo ndiyo Jumanne niliyoulizwa.

Wa tatu ni Mwalimu Nyerere, naye namtaja kwa tahadhari maana kila mtu anamvutia kwake. Ilijulikana kwamba alihudhuria Misa karibu kila asubuhi, hata akiwa Ikulu ana nchi nzima mabegani. Mwaka 2005 Jimbo la Musoma lilianza mchakato wa kumwombea atangazwe mwenye heri. Vizuri. Lakini ni Mwalimu huyo huyo ambaye chini ya uongozi wake, kati ya 1973 na 1976, watu walihamishiwa vijijini, na wengine walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikabomolewa. Sisemi haya ili kumshusha, namheshimu. Nasema kwa sababu yananisumbua. Mtu anapokea Ekaristi saa kumi na mbili asubuhi, na kabla ya jua kutua bibi mmoja mahali fulani anatazama paa lake likiondolewa. Kumbe mazoea ya kila siku, hata yaliyo safi kabisa, si kinga. Basi ni ya nini?

Sasa nije kwangu, maana ni rahisi kuwapima wakubwa.

Mwaka 2016 nilikuwa nimerudi Pito. Bibi alikuwa ameshafariki. Nikachaguliwa katibu wa jumuiya yetu. Jina lake sitalitaja. Wasio Wakatoliki waelewe kwamba tangu miaka ya 1970 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua Kanisa lijengwe kwa jumuiya ndogo ndogo, nyumba kumi, kumi na tano, majirani wanaosali pamoja na kusoma Injili kila wiki. Kwetu tunazunguka nyumba kwa nyumba. Wiki hii kwa fulani, wiki ijayo kwa fulani. Mwenye zamu anafagia, anatandika mikeka, anaweka meza yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Kazi ya katibu ni kuandika ratiba. Daftari lenyewe ni la kurasa sitini na nne, la mistari, na nililipenda. Katika daftari hilo nilijiona mtu.

Julai ya mwaka huo mtoto wa miaka minne alifariki katika jumuiya yetu. Kichomi, alisema daktari, na kwa baridi ile hakuna aliyepaswa kushangaa. Lakini msiba haukai na jibu dogo. Siku ya tatu matanga yakiwa hayajaisha, minong'ono ikaanza. Ikazunguka, ikazunguka, ikatua pale inapotuaga siku zote: kwa mama mzee anayeishi peke yake, mjane, macho mekundu. Macho mekundu ya moshi, jamani! Apike miaka sitini kwenye nyumba isiyo na dirisha la maana, macho yake yawe ya rangi gani? Huyu mama alikuwa mwenzake bibi yangu. Walitembea pamoja kwenda Misa ya asubuhi, nami nyuma yao nikibeba kiti.

Tanzania tunajua minong'ono hii inapoishia. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa sababu hiyo hiyo ya macho. Sheria ya uchawi ipo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, lakini sheria haisikilizi watu wanapoteta kisimani.

Hakuna aliyeniamuru kitu. Hili nataka lieleweke. Mwenyekiti hakusema, wazazi wa mtoto hawakusema. Ilikuwa jioni, naandika ratiba ya miezi mitatu mbele, nikafika kwenye jina lake. Nikasimama. Nikafikiri: nikimwandika, watu hawatakwenda, ataaibika. Tusubiri mambo yapoe. Ni kwa amani. Nikalipita jina lake na kuandika linalofuata. Mwandiko mzuri, wino wa bluu. Halafu nikasali rozari yangu yote, matendo ya uchungu, maana ilikuwa Ijumaa.

Msomaji, unaona? Nilisali. Wala haikuwa unafiki kwa namna tunayoijua, ya mtu anayesali ili aonekane. Nilikuwa peke yangu chumbani. Nilimpenda Mungu usiku ule, nadhani. Nilihisi hata utulivu.

Mama yule aliendelea kuja. Kila Alhamisi alikuja na rozari yake, akaketi karibu na mlango. Mkeka ulikuwa na nafasi pande zote mbili zake. Njiani akinikuta: "Tumsifu Yesu Kristo, mjukuu wangu." Nami, "Milele, amina, shikamoo bibi," miguu inatembea kama yule mtoto wa mbuzi, ila mie sikuwa na mbuzi. Wiki ya tano au ya sita alinisubiri baada ya sala. Akaniuliza taratibu, bila lawama yoyote sautini: "Zamu yangu ni lini? Maana mshumaa nimeshanunua." Nikamwambia ratiba inarekebishwa. Akasema, "Haya. Mungu anajua." Akajifunga khanga vizuri akaondoka.

Usiku ule nilipiga magoti kama kawaida. Ile sala ya kuungama ambayo tunaisoma kila Misa, na bibi alitusomesha kila usiku, inahesabu namna nne za kukosa. Mawazo, maneno, vitendo, na ya nne ni kutofanya lililokupasa. Nilikuwa nimeisema maelfu ya mara. Naweza kuisema usingizini. Usiku ule nilifika kwenye ile ya nne, ulimi ukagoma. Sitii chumvi. Haikutoka. Niliona ukurasa wa daftari, mstari ambao jina halipo.

Nimefikiria sana kwa nini ilitokea pale na si kwenye mahubiri, si kwenye Injili tuliyoisoma pamoja Alhamisi nzima na mama yule akiwa amekaa mlangoni. Jibu langu ni hili, na kama lina kasoro mnisahihishe. Mtu hujificha kwa Mungu kwa urahisi kabisa ikiwa anakutana naye mara moja moja. Anajitayarisha, anavaa vizuri, anachagua cha kumwambia. Lakini ukikutana naye kila usiku, ukiwa umechoka, maneno yale yale, siku moja utamkuta umesahau kujitayarisha. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliwasisitizia watawa wake kuchunguza dhamiri kila siku, hata siku ambayo sala nyingine zimeshindikana. Zamani niliona ni ukali wa mwanajeshi, maana alikuwa mwanajeshi. Sasa nadhani alijua tabia ya watu. Yale majani yaliyofukiwa, nilidhani yataotesha utulivu. Yaliotesha aibu. Nayo ni chakula.

Kwa hiyo, rafiki yangu mshairi, nikurudie. Uliniuliza kama Mungu anakula na chipsi. Nilidhani unauliza kama Mungu ni mkubwa kiasi cha kutojali vitu vidogo. Tatizo langu halikuwa hilo hata kidogo. Nilimkaribisha kwenye vidogo vyote: chakula, safari, usingizi, mtihani. Mahali pekee nilipomfungia mlango ni kwenye daftari la kurasa sitini na nne, kwa sababu humo nilikuwa na hofu ya majirani, na hofu ya majirani ilikuwa kubwa kuliko yeye. Nawe una daftari lako. Labda ni shairi ambalo huliandiki kwa sababu wenzako wa kijiweni watakucheka. Sijui, nakuchokoza tu.

Asubuhi niliandika jina lake. Sikulichomeka mwisho wa ratiba. Nililiandika Alhamisi iliyofuata, nikamwomba aliyekuwa na zamu asogee mbele, naye akakubali haraka mno, kwa sababu anazozijua yeye. Nikazunguka nyumba kwa nyumba kutangaza. Wengi walisema, "Tutaona." Baba wa yule mtoto marehemu hakusema kitu, aliendelea kufunga kuni, nami nikasimama pale kwa muda, kisha nikaondoka. Simlaumu. Angekuwa mwanangu sijui ningefunga nini.

Siku yenyewe mvua za kwanza zilikuwa zimeanza. Tulikwenda watu wanne, na mimi wa tano. Mama alikuwa amefagia mpaka njiani. Mikeka mitatu mipya, ambayo nina hakika aliazima mbali, na tulitosha kwenye mmoja. Hakuuliza wengine wako wapi. Alipiga makofi taratibu kutukaribisha kama bibi yangu alivyokuwa akifanya, akawasha mshumaa, tukaanza. Nilisoma Injili kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, kana kwamba chumba kimejaa. Baada ya sala alitupa ugali wa ulezi na maharage. Nilifanya ishara ya msalaba, nikala.

Ni desturi yetu kwamba kipande cha mshumaa kinachobaki kinapelekwa kwenye nyumba ya zamu inayofuata. Mama alikifunga kwenye karatasi akanikabidhi. Alhamisi iliyofuata nilikipeleka. Mwenye nyumba alitazama ile karatasi, akasema ahsante katibu, ila mshumaa ninao mwingine, mzima kabisa. Akautoa kabatini kunionyesha.

Nikarudi nacho. Alhamisi nyingine nikakipeleka tena, nyumba ya tatu.